Zimwi Lisilojulikana: Usawiri wa Wahusika katika Riwaya ya Frankenstein na Funzo Lake kwa Msomaji wa Kwale

Utangulizi

Methali yetu husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wengi wetu tuliifunza methali hii katika shule ya msingi na kuifasiri kwa haraka, kwamba adui anayekufahamu hukubakishia japo kidogo. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini tutaona kuwa uzito wake wote umewekwa juu ya kitenzi kimoja, nacho ni kujua. Zimwi ni lile lile na meno yake ni yale yale. Linalobadilisha mwisho wa kisa ni kujuana baina ya zimwi na anayetaka kuliwa.

Makala haya yanaitumia methali hiyo kama mlango wa kuingilia katika riwaya ya Frankenstein iliyoandikwa na Mary Shelley, ambayo ni mojawapo ya riwaya za kigothiki zinazosomwa sana duniani. Tutachunguza jinsi wahusika wanavyosawiriwa humo, hususan kwa majina wanayopewa, kwa macho yanayowatazama na kwa sauti zinazowasimulia. Tutadai kwamba msomaji wa Kiswahili anayo ala ya uhakiki ambayo msomaji wa Kiingereza hana, nayo ni mfumo wetu wa ngeli na upatanisho wa kisarufi. Mwishoni tutaonyesha kwa nini somo hili linamhusu msomaji wa Kwale, kuanzia Diani na Msambweni hadi Kinango na Lunga Lunga, kwa namna ambayo si ya darasani pekee.

Riwaya ya kigothiki na mtunzi wetu

Kwa riwaya ya kigothiki tunakusudia utanzu wa riwaya uliochipuka Uingereza katika karne ya 18, ambao huujenga mvuto wake juu ya hofu, siri, kifo na mandhari ya kutisha. Wahakiki wengi huuhesabu kuwa ulianza na The Castle of Otranto ya Horace Walpole ya mwaka 1764, ukapevuka kwa kazi za Ann Radcliffe, mathalani The Mysteries of Udolpho ya 1794. Majumba makongwe, vyumba vilivyofungwa, mizuka na wasichana wanaokimbizwa usiku ndivyo vilivyokuwa viungo vyake.

Mary Shelley alizaliwa London mwaka 1797. Mama yake, Mary Wollstonecraft, aliyekuwa mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake, alifariki siku chache baada ya kumzaa. Katika mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 18, Mary alikuwa karibu na ziwa la Geneva pamoja na washairi Percy Shelley na Byron. Mlima Tambora huko Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia, na majivu yake yaliharibu hali ya hewa kiasi kwamba Ulaya haikupata kiangazi cha kawaida. Wakiwa wamefungiwa ndani na mvua, Byron alipendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Kutokana na shindano hilo ikazaliwa Frankenstein, iliyochapishwa Januari 1818 bila jina la mwandishi.

Kwa ufupi, kisa chenyewe ni hiki. Victor Frankenstein, mwanafunzi wa sayansi katika mji wa Ingolstadt, anakusanya viungo vya maiti na kuunda kiumbe chenye umbo la binadamu. Usiku kinapofumbua jicho, Victor anakimbia. Kiumbe anabaki peke yake, anajifunza lugha kwa kujificha na kusikiliza, anakataliwa na kila amwonaye, hatimaye anaanza kuua wapendwa wa muumba wake. Wawili hao wanafukuzana hadi kwenye barafu ya kaskazini ya dunia, ambako Victor anafia melini na kiumbe anatokomea gizani baada ya kuahidi kujichoma moto.

Msomaji amekwisha kugundua jambo katika aya iliyotangulia. Tumeanza na "kiumbe chenye umbo" na "kinapofumbua jicho", kisha tukaandika "kiumbe anabaki". Tulipotoka katika ki- na kuingia katika a-, ni nini kilichotokea? Swali hilo ndilo kiini cha makala haya.

Njia za kumsawiri mhusika

Mwanafunzi wa fasihi anafahamu kuwa wahusika husawiriwa kwa njia kadhaa. Msimulizi anaweza kutueleza moja kwa moja sifa za mhusika. Mhusika anaweza kujidhihirisha kwa matendo yake, kwa mazungumzo na kwa uzungumzi nafsia. Wahusika wengine wanaweza kumsema. Anaweza kuwekwa sambamba na mwenzake ili sifa zao zipambanuke. Aidha, anaweza kupewa jina au lakabu inayobeba tabia yake. Tunafahamu pia ule mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara uliotokana na E. M. Forster mwaka 1927.

Mara nyingi tunapojibu maswali ya mtihani tunaziorodhesha sifa za mhusika kana kwamba ni mali yake: ni katili, ni mwoga, ni mvumilivu. Riwaya hii inatufunza kuuliza swali la ziada kabla ya kuandika sifa yoyote. Ni nani aliyesema kwamba mhusika huyu yuko hivyo, na alikuwa amesimama wapi alipokuwa akisema?

Muundo wa Frankenstein unalilazimisha swali hilo. Usimulizi wake ni kama sanduku ndani ya sanduku. Sanduku la nje ni barua za nahodha Robert Walton kwa dada yake Margaret. Ndani yake mna masimulizi ya Victor, na ndani ya masimulizi ya Victor mna masimulizi ya kiumbe mwenyewe. Wote watatu husema kwa nafsi ya kwanza. Maana yake ni kwamba hata pale kiumbe anapojitetea kwa ufasaha, maneno yake yanatufikia yakiwa yamepita kinywani mwa mtu anayemchukia, kisha katika kalamu ya mtu anayemhusudu mtu huyo. Kwamba bado yanatugusa baada ya safari hiyo ni ushahidi wa nguvu zake.

Kiumbe asiye na jina

Katika riwaya nzima Victor hampi kiumbe wake jina. Watu wengi duniani hudhani kuwa Frankenstein ni jina la kiumbe, ilhali ni jina la aliyemuunda. Mchezo wa kwanza wa jukwaani uliotokana na riwaya hii ulipoonyeshwa London mwaka 1823, orodha ya wahusika iliweka mstari mtupu mahali pa jina lake. Mary Shelley aliutazama mchezo huo na kufurahishwa na mstari ule.

Mahali pa jina Victor ameweka matusi. Anamwita shetani, ibilisi, maluuni, hata mdudu. Katika Kiingereza asilia, usiku ule kiumbe anapofumbua jicho, Victor anaanza kwa kiwakilishi kitumiwacho kwa vitu, kisha katika sehemu iyo hiyo anahamia kwenye kiwakilishi kitumiwacho kwa mwanamume. Msomaji wa Kiingereza anaweza kulipita badiliko hilo bila kulihisi, kwa sababu linatokea mara chache.

Kwa Kiswahili haliwezi kupitika. Viambishi vyetu vya nafsi havitenganishi mwanamume na mwanamke, lakini vinatenganisha kwa ukali mwenye uhai na kitu. Kila kitenzi, kila kivumishi na kila kiashiria lazima kipatane na nomino yake. Anayetaka kuisimulia riwaya hii kwa Kiswahili atalazimika kuamua, sentensi baada ya sentensi, ikiwa aliyemo mle ni mtu au ni dude. Hebu tuyatazame maneno yaliyo mbele yake.

Akichagua dude, ataandika "dude hili lilitembea", na mlango wa huruma utakuwa umefungwa kabla kisa hakijaanza. Akichagua jitu, ngeli ya ukubwa na dharau itamvuta kwenye li- vile vile, ingawa mzizi wa jitu ni mtu, na mzizi huo utaendelea kumsuta. Akichagua zimwi atakuwa karibu na ngano zetu, ila methali yenyewe imekwisha kutuonyesha upatanisho wake: likujualo, halikuli, likakwisha. Akichagua kiumbe, atakuwa amepata neno lenye pande mbili. Umbo lake ni la ki-vi, lakini sarufi sanifu hulipa upatanisho wa a-wa kwa kuwa linataja mwenye uhai. Zaidi ya hayo, neno hili limetokana na kuumba, nasi hulitumia kwa binadamu tunapotaka kukumbushana udhaifu wetu mbele ya Mola. Mtu akisema "mimi ni kiumbe tu", hasemi kuwa yeye ni kitu. Anasema kuwa ameumbwa, na kwamba yuko aliyemuumba.

Kwa hiyo tunapendekeza kuwa mhusika huyu aitwe kiumbe, na upatanisho wake utegemee ni nani anayesema. Victor akisimulia, na aseme "kile". Kiumbe akijisimulia, nafsi ya kwanza itafuta tatizo lote, maana "mimi" haina ngeli. Hapo ndipo usawiri unapogeuka katika riwaya hii. Tangu kiumbe anapoanza kusema "mimi", msomaji hawezi tena kumrudisha katika ki- bila kujishtukia.

Sikio na jicho

Kuna mpangilio mwingine ambao mwanafunzi akiufuatilia ataona jinsi mtunzi alivyoupanga usawiri wake kwa makusudi. Katika riwaya hii kiumbe husikilizwa pale tu macho yanapokuwa yamefungwa.

Mfano wa kwanza ni mzee De Lacey. Kiumbe amejificha katika banda lililopakana na nyumba ya mzee huyo na wanawe, Felix na Agatha. Kwa kuwasikiliza wanavyomfundisha mgeni wao Safie, amejifunza kusema na kusoma. Amewakatia kuni usiku bila wao kujua. Siku moja anaingia ndani wakati mzee yuko peke yake. De Lacey ni kipofu. Anamkaribisha, anamsikiliza na kumtuliza kama angemtuliza mgeni yeyote. Kisha vijana wanarejea. Agatha anazimia, Safie anatoroka, Felix anamcharaza kwa fimbo. Mambo ambayo kiumbe alikuwa amesema hayakubadilika baina ya nukta ile na nukta hii. Walioingia walikuja na macho.

Mfano wa pili ni juu ya barafu ya milima ya Alps. Victor anamfukuza kiumbe asimwone, naye kiumbe anamziba Victor macho kwa viganja vyake ili amwepushe na sura inayomchukiza, kisha anamwomba asikilize. Mfano wa tatu ni mwishoni, melini. Walton anapomkuta kiumbe juu ya maiti ya Victor, anafumba macho bila kukusudia, na akiwa katika hali hiyo anamwita abaki.

Mara tatu jicho linafumbwa na mara tatu sikio linafunguka. Msomaji mwenyewe yuko katika hali ya De Lacey, kwa kuwa ukurasa hauonyeshi sura, unaleta sauti. Pengine hii ndiyo sababu filamu maarufu ya mwaka 1931 iliyoongozwa na James Whale ilimgeuza mhusika huyu kabisa. Boris Karloff alimwigiza akiwa hana lugha, ananguruma tu. Mtazamaji akapewa jicho na kunyang'anywa sikio, na tangu hapo ulimwengu ukamjua kiumbe kwa sura ya Karloff na si kwa hoja zake. Mwanafunzi anayeisoma riwaya baada ya kuiona filamu hushangaa kukuta kiumbe aliyesoma Paradise Lost ya Milton na anayejilinganisha na Adamu aliyetelekezwa.

Victor: muumba au muundaji?

Katika uhakiki wa haraka Victor huitwa mhusika mkuu na kiumbe huitwa mpinzani wake. Mgawanyo huo hautoshi. Tukimpima Victor kwa matendo badala ya maelezo yake mwenyewe, tutamkuta ni mtu anayejilaumu kwa maneno mengi na kutenda machache. Anajua aliyemuua mdogo wake William, lakini ananyamaza mbele ya mahakama kwa kuhofia kuitwa mwendawazimu.

Kiswahili kinatusaidia hapa pia kwa vitenzi viwili. Kuumba ni kazi ya Mwenyezi Mungu, na kwa mbali ni ya mfinyanzi. Kuunda ni kazi ya fundi. Katika pwani yetu ya kusini, tangu Gasi hadi Shimoni na Vanga, fundi wa vyombo huunda mashua kwa miezi mingi, akaikalafati, kisha siku ya kuishua watu wakakusanyika kuisukuma majini. Fundi halikimbii bao lake la kwanza linapogusa maji. Husimama kuona kama chombo kinavuja, kinalala upande au kinakaa sawa, maana jina lake limo mle. Victor alitaka heshima ya muumba lakini hakuwa na uadilifu wa muundaji. Kosa lake, kwa mujibu wa usawiri huu, liko katika dakika zile alizotoroka kutoka chumbani kwake wakati kiumbe amenyoosha mkono, zaidi ya kule kuthubutu kwake kutia uhai katika maiti.

William na Justine

Wahusika wasaidizi wawili wanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndio wanaotuvusha kutoka kitabuni hadi vijijini kwetu.

William ni mtoto mdogo, mdogo wake Victor. Kiumbe anapomkuta porini anadhani kwamba mtoto wa umri ule hajajifunza kuchukia sura. Anamshika mkono kwa nia ya kumfanya rafiki. Mtoto anapiga kelele na kumwita zimwi linalotaka kumla. Neno alilotumia mtunzi ni lile la mla watu wa ngano za Ulaya, na tafsiri yake haiwezi kuwa nyingine ila zimwi. William hakuwa amedhuriwa na zimwi lolote. Alikuwa amefundishwa neno, na alipoiona sura akaichomekea neno hilo. Kisha akataja jina la ukoo wake, Frankenstein, kama tishio. Asiye na jina alikutana na mwenye jina, na jina hilo likamponza mtoto.

Tusimsafishe kiumbe hapa. Aliua kwa mikono yake, na baadaye akaua tena kwa kupanga. Mhakiki anayemfanya kiumbe kuwa malaika kwa sababu alionewa atakuwa ameivunja riwaya. Uduara wa mhusika huyu umo katika kuwa mwenye kudhulumiwa na mwenye kudhulumu kwa pamoja.

Justine Moritz ni kisa kingine. Ni msichana mtumishi aliyelelewa katika nyumba ya akina Frankenstein. Usiku ule alikuwa akimtafuta mtoto, akafungiwa nje ya milango ya mji, akalala ghalani. Kiumbe akamtilia mfukoni kidani cha picha alichokuwa nacho William. Kesho yake kila jambo likawa ushahidi. Kuchanganyikiwa kwake kukawa dalili ya hatia. Elizabeth aliposimama kumsifia tabia njema, watu wakamchukia Justine zaidi kwa kuwa sasa alionekana hana shukrani. Kasisi akamwandama kwa vitisho vya moto wa jehanamu hadi akakiri asilolitenda, na yeye mwenyewe anasema kuwa alifikia karibu ya kuamini kwamba yeye ndiye lile zimwi walilokuwa wakimwita. Akanyongwa.

Katika riwaya yenye kiumbe aliyeshonwa kwa viungo vya maiti, tukio la kutisha kuliko yote halina muujiza wowote. Lina mahakama, umati, kiongozi wa dini na msichana asiye na wa kumwamini.

Mandhari na hofu

Kabla hatujafika Kwale inafaa kutoa tahadhari moja kuhusu mandhari. Riwaya ya kigothiki huyatumia mahali pa kale na pa giza kuzalisha hofu, na mwanafunzi anaweza kushawishika kuihamishia hofu hiyo katika misitu ya kaya na mapango ya pwani yetu. Asifanye hivyo kwa pupa. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa Wadigo ni mahali pa sala, pa mababu na pa miiko. Mgeni huingia mle kwa hofu, mwenyeji huingia kwa adabu, na tofauti kati ya hofu na adabu ni kujua.

Nayo mapango ya Shimoni yanatisha kweli, lakini si kwa sababu ya mizuka. Masimulizi ya wenyeji yanasema kuwa ndimo walimofungiwa watumwa wakingojea vyombo. Kilichotisha mle ni binadamu wenye majina na daftari za hesabu, waliowahesabu binadamu wenzao kama shehena. Waliwatoa katika ngeli ya a-wa na kuwaingiza katika ngeli ya bidhaa. Waandishi wetu nao wamekwisha kulitambua jambo hili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, maiti inakutwa mahali pa mzimu, lakini Bwana Msa anapochunguza anaikuta kazi ya mkono wa binadamu. Katika Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed cha mwaka 2001, mfu anarudi, na anayepaswa kuogopwa ni mjukuu aliye hai.

Kutoka kitabuni hadi kijijini

Kwa miaka mingi sasa, katika Kwale na zaidi katika jirani yetu Kilifi, wazee wameuawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi. Habari hizi zimetangazwa mara nyingi na viongozi wa serikali, wa dini na wa kaya wamezilaani. Dalili zinazotajwa hujulikana: mvi, macho mekundu, kukaa peke yake. Mvi ni umri. Macho mekundu mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni. Nyuma ya tuhuma, mara kadhaa, huwapo shamba ambalo warithi wamechoka kulisubiri. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925, Sura ya 67, iliwaadhibu wanaojidai wachawi, na vile vile ilifanya kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi kwingine kusiko mbele ya mamlaka. Walioitunga walielewa kuwa neno lenyewe ni silaha.

Msomaji atakayeharakisha atasema kuwa mzee anayetuhumiwa ni kama kiumbe wa Frankenstein, maana wote huhukumiwa kwa sura. Ulinganisho huo una hatari. Kiumbe aliua, ilhali mzee wetu hakumuua yeyote. Anayefanana naye ni Justine. Kama Justine, kunyamaza kwake ni ushahidi na kujitetea kwake ni ushahidi. Kama Justine, atabanwa akiri ili apate nafuu, na kukiri kwake kutakuwa hukumu. Na kama ilivyokuwa kwa Justine, mara nyingi yupo Victor mahali fulani, mtu anayeujua ukweli wa shamba lile au wa kifo kile, aliyeketi kimya kwa kuhofia kusemwa.

Tusikilize pia sarufi ya tuhuma. Mwanzoni anaitwa mzee, kwa a-. Au ni bibi kizee, jina lenye mapenzi katika ngano zetu, nalo pia hupatanishwa kwa a-: bibi kizee yule. Siku moja mtu anasema "kile kizee". Kisha unasikia "lile zee". Panga halijainuliwa, hakuna aliyetenda kosa linaloweza kushtakiwa, lakini mtu amekwisha kutolewa katika ngeli ya watu. Kinachofuata huwa chepesi zaidi kwa sababu sarufi imekwisha kutangulia. Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye aliyefunzwa kusikia badiliko hilo. Akilisikia katika mkutano wa kijiji au mazishini na asiseme kitu, elimu yake ya ngeli imemfaa mtihani tu.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika Frankenstein usawiri wa wahusika hautenganiki na anayesawiri. Kiumbe ni kitu machoni mwa Victor, ni zimwi kinywani mwa William, ni mgeni masikioni mwa De Lacey, na ni mtu anapojisemea. Tumeona kwamba upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili humlazimisha msimulizi kuonyesha wazi upande aliouchagua. Tumeona pia kwamba zimwi la riwaya hii lilikula likakwisha kwa sababu hakuna aliyekubali kulijua wakati kujua kulikuwa bado kunawezekana.

Wanaosoma pamoja wanaweza kuyajadili maswali haya.

1. Chagua aya moja ya masimulizi ya Victor na uieleze upya kwa Kiswahili mara mbili, kwanza kwa upatanisho wa li- kisha kwa a-. Hisia zako kwa mhusika zimebadilika wapi?

2. Walton anamsifu Victor tangu mwanzo. Sifa hizo zinathibitishwa na matendo gani ya Victor, na zinakanushwa na yapi?

3. Linganisha kesi ya Justine na ngano yoyote ya Kidigo, Kiduruma au Kiswahili unayoijua ambamo asiye na hatia anasingiziwa. Nani anamwokoa, na kwa njia gani?

4. Kusanya majina na lakabu wanazoitwa wazee wa kijiji chako wasiokuwapo kusikia. Panga kila moja katika ngeli yake. Usiandike jina halisi la mtu yeyote.

Swali la nne ni gumu kuliko mengine, na halihitaji kitabu.